Upepo Namba Tano

Jumanne, 6 Februari 2024

Nimelowa mpaka kwenye mifupa. Nimebadili nguo, nimekunywa chai vikombe viwili, bado natetemeka. Siyo baridi. Ni woga. Naandika hapa kwa sababu mbele ya watu nimesema ni baridi.

Ilikuwa siku ya chanjo ng'ambo. Tangu daraja liondoke na maji mwezi uliopita, kijiji kile hakifikiki ila kwa boti. Tukatoka saa nne, mimi na kaka Sixbert mwenye boti, sanduku la chanjo na mizani ya watoto. Ziwa hapa mwaloni, zinapoegeshwa boti, limetulia kabisa, unaweza kujiona uso. Sixbert akasema, nesi, Kitangiri leo imelala.

Haijalala! Tulipofika katikati upepo ukatushika mgongoni, na kadiri tunavyokwenda mawimbi yanazidi. Siyo marefu. Magotini tu, kama ingekuwa nchi kavu. Ila yamebanana, moja halijaisha jingine limeshafika, na yamesimama wima kama ukuta wa tofali. Yakaanza kuingia kwa nyuma. Sixbert mkono mmoja kwenye injini, mwingine ananionyesha ndoo. Nikachota maji. Nikachota mpaka vidole vikafa ganzi. Sanduku la chanjo nimelikalia ili lisiondoke.

Tulifika. Watoto kumi na tisa wamechanjwa, mama zao wamecheka sketi yangu iliyolowa. Nikacheka nao. Kurudi tulisubiri mpaka jioni upepo uliposhuka.

Miaka tisa nafanya kazi zahanati iliyo kando ya ziwa, na sijui kuogelea.

Jumatano, 7 Februari

Anselm kapiga. Meli yao ya mizigo iko Mwanza, inapakia. Mume ofisa wa meli Ziwa Victoria, mke anachota maji kwa ndoo Kitangiri! Nilidhani atanipa pole. Badala yake akauliza: bendera ya ofisi ya kijiji ilikuwaje mlipotoka?

Sikuitazama.

Akaniambia: mama Joyce, chukua kalamu. Mabaharia wana kipimo cha upepo, sifuri mpaka kumi na mbili, na hakihitaji mashine, kinahitaji macho. Nimeandika nyuma ya kalenda. Sifuri, moshi unapanda wima. Moja, moshi unalala lakini bendera haina habari. Mbili unausikia usoni, majani yanachezacheza. Tatu bendera ndogo inanyooka, na majini vichwa vya kwanza vinavunjika. Nne, makaratasi yanaruka uwanjani, povu jeupe linatokea hapa na pale. Tano, miti midogo inayumba mizima mizima, povu kila mahali. Sita, matawi makubwa yanatikisika na waya zinapiga mluzi. Na baada ya sita? Baada ya sita usinipigie simu, alisema, kaa nyumbani upike.

Halafu akaniambia mambo mawili ambayo hayamo kwenye kitabu chao. Moja: vimo vya mawimbi kwenye kitabu ni vya bahari kubwa yenye kina. Ziwa lenu halina kina, kwa hiyo wimbi linakuwa fupi lakini limesimama, na hilo ndilo linalojaza boti ndogo. Pili: ninyi mko chini ya mlima. Upepo wa mashariki ukishuka unaruka juu ya maji yaliyo karibu nanyi, unatua mbele. "Maji ya mwaloni kwenu ni maji ya uani," alisema. "Ukitaka kujua ziwa, usilitazame hilo."

Nilikasirika kidogo. Miaka yote hii ya ndoa hajawahi kuniambia.

Nami sikuwahi kuuliza.

Jumamosi, 10 Februari

Siku ya tatu nafanya mazoezi. Naangalia bendera, naangalia mwarobaini wa nyuma ya zahanati, naandika namba, halafu napanda kwenye lile jiwe kubwa ambapo katikati ya ziwa panaonekana. Nalinganisha.

Jana saa tano: nilisema nne. Juu ya jiwe, povu hapa na pale. Nne! Nilipiga makofi peke yangu kama chizi.

Leo nilisema mbili, kumbe tatu.

Sixbert ananicheka. Nesi, mimi nalijua ziwa hili kabla hujaota meno. Nikamuuliza, na Jumanne ulilijua? Akakuna shingo. Kisha akasema Jumanne lilimdanganya.

Jumanne, 13 Februari

Mchana wote kliniki. Leo kaja mama mmoja kutoka Ulemo, kwetu kabisa, mama Selina. Nimempa shikamoo, tukaongea Kinyiramba mpaka wagonjwa wakalalamika. Ana binti yake ng'ambo, Hana, mimba ya pili. Ya kwanza alijifungua kwa kisu, haijatimia hata miaka miwili. Namfahamu Hana, nilimpima wiki iliyopita. Wiki thelathini na saba, kovu bado changa. Huyu hapaswi kuanza uchungu mahali pasipo na barabara.

Tumepanga hivi: Ijumaa asubuhi na mapema, kabla upepo haujaamka, mimi na Sixbert tumfuate, apelekwe hospitali ya wilaya asubirie huko. Mama Selina atalala kwangu mpaka siku hiyo. Ameleta karanga na kuku mmoja mwenye hasira.

Alhamisi, 15 Februari

Saa nne na nusu asubuhi. Naandika ili mikono iwe na kazi.

Saa tatu Nathanaeli, mume wa Hana, amepiga kutoka ng'ambo. Uchungu umeanza. Siku moja kabla! Nikamuuliza damu? Hakuna. Maji yametoka? Bado. Kila baada ya muda gani? Hajui, akaenda kuuliza, akarudi: kama robo saa, wakati mwingine zaidi.

Nikachukua mkoba nikakimbia mwaloni. Mama Selina nyuma yangu na kanga yake. Sixbert ameshaweka mafuta. Ziwa shwari! Kama sahani. Mama Selina akasema Mungu ametufungulia njia.

Nikatazama bendera. Imenyooka, inapiga kama mtu anayekung'uta shuka. Miche ya mwarobaini ya shuleni inayumba yote, kuanzia chini. Sikuamini, nikapanda jiweni huku wananiita. Katikati ya ziwa kweupe. Siyo hapa na pale. Kila mahali.

Tano.

Nikampigia Anselm. Nikamweleza ninachoona, na mgonjwa. Nilitaka aseme nenda, au aseme usiende. Akauliza boti ina urefu gani, tutarudi tukiwa wangapi. Halafu akasema: kwenda upepo utakuwa nyuma, mtajazwa. Kurudi utakuwa usoni, na mna mgonjwa amelala chini. Mimi nisingetoka. Lakini uliyepo hapo ni wewe, Dorika, siyo mimi.

Ananiita Dorika akiwa na hofu tu.

Nikashuka nikawaambia hatutoki. Tunasubiri upepo ushuke, kama unavyoshuka kila siku, saa kumi.

Mama Selina alinitazama kama nimemwambia kwa Kizungu. Akanionyesha maji. Maji haya? Haya hapa? Nikamweleza habari za mlima na uani. Akasema, "Mwanangu anakufa, wewe unahesabu majani ya mti?" Halafu akasema mengine kwa Kinyiramba ambayo siyaandiki. Sixbert alizima injini, basi. Namshukuru kwa hilo, maana angesema neno moja ningepanda.

Nimewasiliana na Nathanaeli. Hana alale ubavu wa kushoto. Asinywe dawa yoyote ya kienyeji ya kuharakisha — yoyote! Nimelirudia mara tatu. Damu ikitoka, hata kidogo, anipigie. Nimepiga hospitali, wameahidi ambulensi itanisubiri hapa mwaloni saa kumi na mbili.

Swali moja linanitafuna. Je, ni namba tano, au ni Jumanne ile? Nimehesabu, au nimeogopa?

Saa saba.

Mama Selina ameondoka.

Nilikwenda zahanati dakika ishirini kumfunga mtu kidonda. Kurudi, Sixbert amekaa peke yake. Laurenti, yule mwenye boti ya bluu, amekubali kumvusha. Sixbert alijaribu kuwazuia. Laurenti alimwambia, tangu lini ziwa linaongozwa na manesi.

Waliondoka saa sita kasoro. Nimepanda jiweni. Naona weupe tu. Mwarobaini unayumba vilevile. Napiga simu ya mama Selina, haipatikani. Ya Laurenti, haipatikani.

Safari ile haizidi dakika arobaini na tano.

Nathanaeli amepiga mwenyewe. Uchungu kila dakika kumi na mbili. Damu hakuna. Hakuna aliyefika.

Sikumwambia kwamba mkwe wake yuko majini. Nimeshindwa.

Saa nane na nusu.

Hakuna kitu. Sixbert anataka kwenda kuwatafuta. Nimemkatalia, na nimemkatalia nikilia. Nikasema tukizama na sisi nani atamfuata Hana? Akakaa chini tena. Nimewapigia kijiji cha ng'ambo, mwenyekiti wao ametuma vijana wanne watembee kandokando ya matete.

Kama wamekufa, ni kwa sababu nilikataa? Ningekwenda mimi, mama Selina asingepanda boti ya Laurenti. Hilo nalo ni kweli.

Saa tisa na dakika kumi.

WAKO HAI!

Nathanaeli alipiga, nikapokea nikiwa nimefumba macho. "Mama amefika. Amelowa. Yuko pekupeku." Boti ilijaa mawimbi yakitokea nyuma, injini ikanywa maji ikafa, wakachota kwa dumu mpaka wakashindwa, boti ikalala ubavu. Waliishikilia. Upepo ukawasukuma mpaka kwenye matete, mbali huko kusini, wakatembea. Laurenti ameumia mkono. Basi. Mkono tu!

Nilikaa chini kwenye mchanga nikacheka. Sixbert naye. Tulicheka mpaka watu wakaja kuuliza.

Bendera inaanza kulala. Nne. Labda nne dhaifu.

Saa kumi na robo.

Makaratasi ya uwanjani yametulia. Juu ya jiwe, povu moja moja. Tatu. Na inaendelea kushuka. Sixbert amewasha injini. Nakwenda. Bado naogopa, lakini nakwenda, kwa hiyo asubuhi haikuwa woga tu.

Ijumaa, 16 Februari

Mtoto wa kiume, kilo mbili na nusu na ushee. Hana mzima. Wote wazima!

Naandika upya kwa utaratibu maana jana sikushika tena kalamu.

Kwenda ilikuwa raha. Mawimbi madogo yamechoka, yanatubeba. Hana alikuwa kwenye mkeka nyumbani kwake, jasho, anauma kanga. Nikampima: mtoto anacheza, mapigo mazuri, njia imeanza kufunguka kidogo tu. Kovu linamuuma akiguswa, hilo halikunifurahisha. Tukambeba na machela ya mbao mpaka botini. Mama Selina akapanda bila kuulizwa, amevaa suruali ya mkwewe, miguuni amefungwa vitambaa. Hakuniangalia.

Kurudi upepo ulikuwa usoni lakini umeshuka mpaka mbili. Sixbert alikwenda polepole kama amebeba mayai. Katikati ya ziwa Hana akaniambia, dada, nikifa — nikamkatisha. Nikamwambia hesabu pamoja nami mpaka maumivu yapite. Tukahesabu. Mama Selina akahesabu nasi, mara ya kwanza kunifungulia mdomo tangu asubuhi.

Saa kumi na mbili na dakika tano tulikanyaga mchanga. Ambulensi ilikuwepo, dereva anakula muhogo. Nilitaka kumbusu.

Leo asubuhi daktari kanipigia. Walimpasua jana ileile. Kovu lilikuwa limeanza kuachia, sehemu ndogo, wamewahi. Akasema umemleta kwa wakati. Nikauliza, angefika saa sita mchana ingekuwa tofauti? Akasema hapana, kwa nini unauliza? Nikasema naandika ripoti.

Naandika hiki hapa kwa kuwa sitakisema popote. Jana saa tisa, niliposikia boti ya Laurenti imejaa maji, kabla ya kufurahi kwamba wako hai, kuna kitu kidogo ndani yangu kilisema: si niliwaambia! Kilikuja kwanza. Mungu anisamehe. Kilikaa nukta moja tu, lakini kilikuja kwanza.

Anselm naye kanipigia asubuhi. Nikamwambia matokeo. Sauti yake ikaanza kukatikakatika, nikadhani ni netiweki. Kumbe analia. Baharia mzima.

Nimelala saa nne asubuhi mpaka saa kumi. Kuku wa mama Selina ameninyea kwenye zulia.

Jumapili, 18 Februari

Baada ya ibada mama Selina kaja, ametoka hospitali kuchukua nguo zake alizoacha kwangu. Nikainuka kumsalimu, akaniwahi kunishika mikono yote miwili. Hakuomba msamaha. Sikuutegemea, ni mama yangu kwa umri. Alisema, "Yale maji, mwanangu, yalinigeuka mbele ya macho. Hapa yalikuwa shwari." Akarudia. Hapa yalikuwa shwari. Kama mtu anayemshitaki mtu.

Akauliza: ingekuwa binti yako Joyce ndiye yuko ng'ambo, ungesubiri?

Nilisema sijui, mama. Akasema vizuri, ungesema ndiyo nisingekuamini.

Tukala kuku. Yule yule. Haki imetendeka.

Alhamisi, 22 Februari

Ofisi ya kijiji wamenifuata. Wanataka kila asubuhi niseme namba, iandikwe kwa chaki kwenye ubao pale mwaloni. Nikasema mimi ni nesi. Mwenyekiti akasema ndiyo, na huyu fundi baiskeli ndiye katibu wetu wa maji.

Nimekubali kwa sharti moja: nisiwe peke yangu. Siku nikiugua je? Siku nikikosea je? Wachague mtu mwingine anayelijua ziwa tuwe tunatazama wote.

Wamemchagua Laurenti.

Injini yake iko chini ya maji, mkono uko kwenye bandeji, hana cha kufanya, ndiyo sababu waliyoitoa. Alikuja amevuta kofia mpaka kwenye nyusi. Tukapanda jiweni. Nikasema tatu. Akasema mbili na nusu. Nikamwambia kipimo hakina nusu. Akasema, basi mabaharia wenu hawajafika Kitangiri.

Jumatatu, 26 Februari

Nimekosea! Asubuhi niliandika nne itaongezeka, msitoke. Upepo ukafa saa tano, ziwa likakaa kimya siku nzima. Wavuvi wamekosa siku. Mmoja kaja zahanati na kikohozi, nikamuuliza amekipata lini, akasema tangu nesi aliponikalisha mwaloni.

Anselm anasema hayo ndiyo makosa mazuri, yazoee. Rahisi kwake kusema, hayuko hapa kuuguza kikohozi chao.

Ila nimelala vizuri.

Jumanne, 5 Machi

Mwaloni, saa tatu na nusu. Daftari liko magotini.

Hana anarudi kwake ng'ambo leo. Mshono umepona vizuri, nimeukagua mwenyewe. Mtoto wamemwita Leonard, jina la babu yake, amenona. Mama Selina amekaa kwenye benchi na mabeseni yake. Majaketi manne ya kuokolea yamefika wiki iliyopita, moja namvalisha Hana, moja mama yake. La mtoto hakuna. Hakuna anayetengeneza dogo hivyo, au kama wapo halijafika Iramba.

Nilitaka waondoke saa kumi na mbili asubuhi. Gari la kutoka Kiomboi, huko hospitalini, likachelewa. Sasa upepo umeamka.

Laurenti anasema tatu. Mimi nasema nne. Tumetoka jiweni sasa hivi, tumeona kitu kilekile, tumekisoma tofauti. Siyo ubishi, ametazama kwa makini kuliko mimi, alikaa kule juu nikamwacha. Anasema mawingu ya mlimani yamesimama, hautaongezeka, na tatu kwa boti ya Sixbert siyo kitu. Huenda yuko sahihi. Anazijua dalili ambazo hazimo kwenye kalenda yangu. Nikamuuliza, mtoto angekuwa wako? Mara nikajuta kuuliza, kwa sababu niliwahi kuulizwa hivyo nikashindwa.

Alifikiri. Akasema: "Ningesubiri. Lakini bado ni tatu."

Mama Selina ametusikia wote wawili. Hajaonyesha maji. Ameuliza tu, tusubiri mpaka lini? Nikasema sijui, mama, nusu saa kwanza. Akafungua fundo la kanga, akatoa karanga, akatugawia.

Nathanaeli amepiga mara mbili kutoka ng'ambo. Ameshachinja mbuzi. Sixbert anakaa kwenye ukingo wa boti, kamba mkononi, anatutazama mimi na Laurenti kama anayesubiri majibu ya mtihani. Hana ameanza kunyonyesha, kwa hiyo dakika kumi hatuendi popote, tumepewa muda.

Tumerudi jiweni tena. Tumekubaliana: tuhesabu vichwa vyeupe vya mawimbi vilivyo kati ya hapa na ile nguzo ya nyavu. Vikizidi vitano ni nne, wanalala kwangu; visipozidi, wanavuka. Laurenti anahesabu kwa sauti, mimi naandika.

Kimoja. Hapana, kimeruka, ni ndege, yangeyange.

Kimoja. Viwili. Cha pili nacho kimeruka. Laurenti anacheka.

Kimoja. Viwili. Vitatu, na hivi haviruki. Vinne —